Kiti cha Kwanza cha Oldřich Hruška

Oldřich Hruška alikalia kiti cha kwanza cha baragumu katika okestra ya mji wetu, hapa Moravia, tangu ana nywele hadi akawa mzee wa kofia. Mimi nilikuwa kiti cha pili, ubavuni pake, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari zake. Alikuwa mbishi, ana majivuno, na hakuna aliyepuliza kama yeye. Asubuhi alifundisha shule ya muziki. Wanafunzi aliwalaza sakafuni na kamusi nene tumboni, wajifunze kuvuta pumzi. Wengi walimkimbia. Radka Vítková, binti wa mwokaji mikate, hakukimbia.

Kisha meno ya mbele ya Hruška yakaharibika, akawekewa ya bandia. Mpuliza baragumu akibadilishiwa meno, mdomo wake unakuwa mgeni kwake. Vuli ile noti za juu zilimpasukia mbele ya watu, minong'ono ikaanza. Radka, sasa mtu mzima, akaajiriwa kuwa msaidizi wake, akakaa upande wake wa pili: apulize sehemu za kelele, mzee atunze mdomo kwa zile za peke yake.

Kabla ya onyesho la Novemba niliwasikia.

"Nikiliweka baragumu gotini, endelea wewe."

"Mwalimu, usinifanyie hivyo. Watasema nimekupokonya kiti."

"Waache waseme."

"Na mimi je, nikiendelea?" nikachokoza.

"Wewe baki na noti zako za chini, babu," Hruška akanijibu.

Sehemu yake ilipofika, okestra ilinyamaza ikamwachia. Alianza vizuri mno hata nikasahau hofu. Karibu na noti ya juu kabisa akasita, akalishusha baragumu gotini. Radka akapokea palepale. Ukumbini hakuna aliyegundua. Sisi jukwaani tuligundua, kila mtu akainamia karatasi yake.

Kwetu, makofi yakianza, kiongozi wa okestra humsimamisha aliyepiga peke yake. Kiongozi alikuwa ameona yote, lakini akamwashiria Hruška asimame, amwachie heshima yake. Watu wakaliita jina lake. Angesimama tu, kiti kingebaki chake.

Nikamnong'oneza, "Simama, mzee. Hawajui."

"Radka anajua."

Akamshika Radka kiwiko, akamsimamisha. Yeye akabaki amekaa, akipiga makofi. Makofi ya ukumbi yalififia, watu wakitazamana. Kisha wakaelewa, wakapiga upya. Nililia, na sioni haya kusema.

Jumatatu alikuja mazoezini, akasimama mbele yangu.

"Hamia kiti cha tatu, kiko wazi. Hapa nakaa mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mdomo wangu. Haya, sogea."

Nikasogea. Radka akakaa kiti cha kwanza. Alipoinua baragumu, Hruška alivuta pumzi pamoja naye, kwa sauti tuliyoisikia wote, ili ajue wakati wa kuingia.