Vikaratasi vya Dobi

Mimi mtu akinitukana usoni najua la kumfanya. Ninaoshindwa nao ni wale wanaokudharau kwa adabu, wanakuita shemeji huku wanakusifia chai.

Dada yangu ni dobi. Dobi hasa, mwenye meza ndefu ya kupigia pasi, pasi mbili nzito, na vikaratasi vya njano anavyovibana kwenye kola ili shati la huyu lisiende kwa yule. Chumba chake cha kazi kimepakana na sebule, na katikati hakuna mlango, kuna pazia tu. Kwa miaka kumi na minane, kila Jumapili alasiri, upande wa pili wa pazia hilo walikaa wanaume watano kusikiliza jazi ya zamani. Ndicho chama chao. Mwenyekiti, karani mstaafu wa mahakama. Daktari wa meno. Wengine wawili wa kuitikia tu. Na mwenye nyumba, shemeji yangu, fundi saa. Yeye ndiye aliyekuwa na santuri, mia mbili na kitu, zimejaa rafu nzima ya ukutani.

Wenzake walimwita Sikio. Santuri ikiisha wanabishana mpaka mate yanaruka: nani kapuliza tarumbeta vizuri zaidi, rekodi ya kwanza au ile ya marudio, huyu kachelewa, yule kaharakisha. Shemeji kimya, kaweka kiganja juu ya kisanduku cha mashine ya santuri, kafumba macho. Halafu anasema sentensi mbili, basi. Haongezi, habishani na mtu. Mwenyekiti anaandika kwenye daftari lake na kutikisa kichwa: "Huyu bwana ana sikio!" Na dada? Dada analeta chai, anakusanya vikombe, anarudi kwenye pasi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza hata mara moja, shemeji, wewe huu muziki umeuonaje?

Shemeji yangu akafariki. Hata wiki tano hazijatimia, hao, wamekuja na maboksi.

Bahati nilikuwepo. Mwenyekiti alikaa, akasafisha koo kama yuko kortini. "Shemeji, tumekaa kama chama, tumeona santuri hizi zisije zikaharibika. Marehemu alikuwa mtaalamu. Wewe, bila kukukosea heshima, ni mtu wa shughuli zako. Huu mvuke, hili joto la pasi… Zitakaa kwa daktari. Siku ukitaka kuziona, karibu sana."

Ukitaka kuziona! Santuri za nyumbani kwake mwenyewe! Nilipandwa na mori hadi masikio yakawaka. "Mmekaa na nani?" nikauliza. "Mbona yeye hakukaa?"

Daktari wa meno akanitazama kama ananitafutia jino la kung'oa. "Mdogo wetu, haya ni mambo ya kitaalamu."

Mdogo wao nani? Mimi nauza viatu, sijawahi kumpa mtu kiatu bila kumwuliza mguu wake. Nikamgeukia dada, nikitegemea atawafukuza. Wapi! Alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, na kitambaa chenyewe hakina hata kunyanzi moja. "Hizi ndizo nilizobaki nazo," akasema taratibu. "Naomba mziache."

"Ndiyo maana tunakuhifadhia," Mwenyekiti akamjibu, naye keshanyanyuka.

Akavuta ile yenye jalada la bluu, pembe zimechakaa, waliyoipenda kuliko zote. Akaitoa santuri aipanguse kwa leso, kwa maringo. Kikaratasi cha njano kikaanguka miguuni pake.

"Unaona, shemeji?" akacheka. "Vikaratasi vya nguo ndani ya majalada! Ndiyo haya ninayosema." Akakiokota, akakigeuza, akaanza kusoma kwa sauti ile ya kortini. "'Mwenye saksafoni anavuta pumzi kabla ya kuanza, kama mtu anayetaka kukiri kosa. Halafu hakiri. Waambie hivyo tu, usiongeze.'"

Akakisogeza karibu na macho, akakisoma tena. Maneno hayo tuliyajua sote. Ni yeye Mwenyekiti aliyeyasoma mazikoni kutoka kwenye daftari lake, kuonyesha marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na watu wakalia.

Daktari akavuta jalada jingine, kisha jingine. Kila moja na kikaratasi chake. *Upande huu ni wa kupiga pasi mashati matatu. Ukifika kola ya shati la pili, kinanda kinapotea njia, halafu kinajifanya kilikusudia.*

"Mwandiko wa nani huu?" daktari akauliza.

"Wangu," dada akasema. "Mume wangu alikuwa hasikii. Mwaka wa sita huu. Lilianza sikio la kushoto, likafuata la kulia. Mimi nasikiliza Jumamosi nikipiga pasi, naandika, yeye anakariri. Alisema mkijua mtamwonea huruma, halafu chama mtakihamishia kwa daktari. Mkiongea alikuwa anawasoma midomo. Wewe Mwenyekiti una tabia ya kujishika mdomo, ndiyo maana wewe hakukujibu kamwe."

Hapo nakiri hasira yangu ilihama ikamfuata marehemu. "Mungu anisamehe," nikafoka, "lakini huu ni wizi! Maneno yako wewe, sifa zake yeye, na chai unapika wewe!"

"Nyamaza." Sijawahi kumsikia dada akisema hivyo. "Kila Jumamosi mume wangu alisimama pale kwenye pazia akisubiri nimalize kuandika. Mumeo wewe amewahi kusubiri neno lako?"

Wangu hata ujumbe wa simu hasomi.

"Mwenyekiti," dada akasema, "rudisha ulipoitoa."

Akairudisha. "Siyo hapo. Ya tatu kutoka kushoto." Akaihamisha. Wakatoka na maboksi yao matupu. Mlangoni daktari akageuka, mpole kama mgonjwa wake: "Shemeji, Jumapili tuje?"

"Njooni. Chai atapika Mwenyekiti."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilipotulia, dada alikuwa ameshaweka santuri na kurudi kwenye meza yake. Shati la kwanza, la pili. Akaweka pasi pembeni, akachukua kikaratasi, akaandika, akainua macho kwenye pazia. Akabaki amekishika hivyo, mkono uko hewani. Nikaenda nikasimama pale pale, akanipa.

*Wote wamenyamaza. Mpiga ngoma hajui kama wenzake wameondoka, bado anawapigia.*

Nimekiweka kwenye pochi yangu. Saksafoni na tarumbeta mimi sizitofautishi, lakini Jumamosi nafunga duka mapema.