Kijumba cha Babu

Bibi yangu alinyimwa Ekaristi kwa sababu ya kijumba cha nyasi kilichonifika magotini. Kilikuwa uani kwake, nje kidogo ya Kagongwa: nyumba ya masamva, yaani wazee wetu waliokufa. Ndani mlikuwa na kigoda cha babu tu. Kila akipika uji wa mtama, bibi alimwaga kidogo pale mlangoni, akasema maneno mawili matatu, kisha akaenda zake kwenye sala ya jumuiya. Yeye hakuona shida. Wanajumuiya wenzake ndio walioiona, wakampelekea padri.

Mimi siamini masamva. Padri simwamini pia. Nilirudi kutoka chuo kikuu nikamkuta bibi amekonda, si kwa ugonjwa, bali kwa kubaki peke yake kwenye benchi wenzake wakipanga mstari kukomunika. Nikaenda parokiani.

“Shikamoo, Padri.”

“Marahaba. Msomi wetu! Umekuja kumtetea shetani?”

“Nimekuja kuuliza. Novemba nzima mnawaombea marehemu. Kwenye altare mmehifadhi mfupa wa mtakatifu. Kosa la babu yangu ni lipi?”

“Watakatifu wamethibitishwa.”

“Na nani?”

“Na Kanisa.”

“Babu kathibitishwa na mkewe. Nani anamjua zaidi?”

Katekista, aliyekuwa akipanga vitabu pembeni, akacheka, akajifanya anakohoa. Padri hakucheka. “Kijumba kitoke, au abaki alivyo.”

Nikamuuliza kuhusu mabati ya kanisa. Aliyatoa tajiri mmoja wa Geita mwenye duara, shimo la dhahabu, na kila mtu anajua kwamba huyo huchinja mbuzi mweusi kabla wachimbaji wake hawajashuka shimoni. Padri akanionyesha mlango.

Nilipomweleza bibi, hakulia. Aliniita kama bibi wa Kisukuma anavyomwita mjukuu wake wa kiume. “Mume wangu, kibomoe wewe.”

“Kwa nini mimi?”

“Wewe huamini huku wala kule. Masamva watakukasirikia vipi? Hata hawakujui, kutwa uko na vitabu.”

Nikakibomoa kwa jembe. Kazi ilikwisha upesi; chai ingechelewa zaidi kuchemka. Katekista alikuja kuhakikisha, akaziwasha nyasi moto. Kigoda akakitupa motoni kwa mkono wake mwenyewe. Ningeweza kukidaka. Sikukidaka.

Jumapili bibi akakomunika. Padri akamsimamisha mbele ya waumini, mfano wa mtu aliyetoka gizani, na bibi akatabasamu. Alifurahi kweli. Hilo ndilo nisiloweza kuwasamehe: walimnyang’anya mumewe, naye akawashukuru.

Mlangoni padri akaninyooshea mkono. “Tumsifu Yesu Kristo.”

Nikauacha hewani. Bibi akaitikia kwa niaba yangu, kwa sauti kubwa: “Milele na milele, amina.”

Tulipofika nyumbani akapika uji wa mtama. Akatoka na kikombe hadi uani, akasimama penye majivu, akatazama huku na huku. Kisha akaunywa wote mwenyewe.