Mara ya Mwisho, Wifi

Mimi ni dobi, nakwambia mapema ili usitegemee maneno matamu. Maneno matamu ni kazi ya wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Spika. Ukipita barabara yetu utamsikia: kwenye kibanda cha fundi viatu, kwa mama anayeuza ndoo, kwa kinyozi, hadi kwa yule muuza sumu ya panya ambaye hakuna anayempenda. Wenye biashara ndogo humfuata, anawarekodia tangazo, wanaliweka kwenye flashi, na sauti yake inapiga kelele kutwa nzima kwa niaba yao.

Studio yake ni duka langu. Usicheke. Nyuma ya kaunta kuna bomba refu ninapotundika nguo zilizokwisha kupigwa pasi, na yeye aligundua kwamba ukisimama katikati ya makoti na suti, sauti haina mwangwi. Basi anajipenyeza humo na simu yake, mwenye biashara anajibanza pembeni yake, nami nabaki huku na pasi yangu nikijifanya sisikii. Nasikia kila kitu.

Na cha kusikia kipo, maana wifi yangu ana utaratibu wake. Harekodi mtu kabla hajamuuliza, "Uliharibu wapi?" Watu hushtuka. Wamekuja wasifiwe, wanaulizwa aibu zao! Fundi viatu aliapa hajawahi kuharibu kitu. Akaachwa asimame humo kwenye makoti, jasho likamtoka, mwisho akasema kuna bwana mmoja soli ilimbandukia akiwa njiani kwenda kwenye usaili wa kazi, akaingia ofisi ya watu kiatu kimoja kinapiga makofi.

"Tangu hapo unafanyaje?"

"Nashona kila soli, hata kama nimeshaitia gundi. Na siongezi bei."

"Miaka yote hiyo unashona na hujamwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Hilo ndilo likawa tangazo lake. Kiatu kinachopiga makofi, gundi, halafu uzi. Watu walicheka, wakapeleka viatu.

Zamu yangu ilifika siku nilipounguza koti la mwalimu mmoja. Pasi niliiacha juu ya mgongo wa koti nikageuka kumjibu mtu mlangoni, na nilipogeuka tena, moshi. Mwalimu hakuwa mtu wa kunong'ona. Alisimama nje ya duka langu akachungulia barabara kupitia tundu la koti, akamwita kila mpita njia achungulie naye. Ee Mungu wangu! Ndani ya wiki mbili bomba langu lilibaki na mashati manne na suruali moja ya bwana ambaye nadhani alikuwa amesafiri. Spika akajaribu kurekodi humo, akatoka amenuna. "Mwangwi umerudi," akasema. "Wifi, duka lako linakufa."

Nilitaka tukae kimya watu wasahau. Yeye akataka tuseme. Tuligombana mpaka mume wangu akatoka akaenda kukaa kwa kinyozi. Nilikubali kwa hasira tu, na kwa kuwa nilikubali kwa hasira, nikamsumbua. Tulitundika mablanketi yetu wenyewe kuua mwangwi. Akarekodi: "Dobi huyu aliunguza koti. Moja. Tangu siku hiyo pasi ikishika nguo, hamjibu mtu, hata ukimwita kwa jina la mama yake." Sasa najua lilikuwa zuri, lakini nilikuwa na hofu, na hofu ilinifanya nisione zuri. Nikasema hapo kwenye "koti" amevuta sana. Akarudia. Nikasema sasa anasikika kama anacheka. Akarudia. Nikasema inasikika kama naomba msamaha kituo cha polisi.

"Koo linaniwasha," akasema.

Nikampa maji ya uvuguvugu. "Mara ya mwisho, wifi."

Haikuwa ya mwisho. Nilisema hivyo tena, na tena. Alikuwa anakohoa kati ya maneno, nami nikawa nahesabu makosa ya sauti yake badala ya kukisikia kile kikohozi. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma: nilijua kabisa, nikaendelea.

Anaishi nasi; asubuhi yake alikuja jikoni kuniomba sabuni, akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu.

Hospitali walisema nyuzi za sauti zimeota kiuvimbe, cha siku nyingi, na sasa zimechubuka. Walikitoa. Daktari akatuambia wiki mbili asitoe sauti, hata kunong'ona, halafu tutaona.

"Tutaona nini?" mume wangu akauliza.

"Huenda ikarudi ile ile. Huenda ikarudi nyingine."

Mwanamke huyu hana duka, hana mashine, hana shamba. Ana koo. Na pale kwenye korido mume wangu akanigeukia, "Kwani ilianzaje?" Nikamjibu, "Alilala mzima, akaamka hivyo." Nilimtazama usoni nikimwambia.

Wiki mbili hizo sizitaki tena maishani mwangu. Spika alikaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, daftari mapajani, na nje sauti yake inapiga kelele kila upande: ndoo, viatu, panya. Hata mlangoni kwangu ilikuwa inasema aliunguza koti, moja. Sikuweza kuivumilia, nikapunguza. Akaandika kwa herufi kubwa: ONGEZA. Nikamjibu kwa kupayuka, polepole, neno moja moja. Akaandika: MIMI SI KIZIWI.

Na tangazo likafanya kazi, ndiyo balaa lenyewe. Watu walirudi, wengine walikuja tu kumwona dobi anayejitangaza ameunguza koti. Mwalimu mwenyewe alileta suruali mbili, akanionyesha kidole: "Sitakuita, wala usigeuke!" Bomba likajaa mpaka likapinda katikati. Kila hanga niliyotundika nilijiambia, hii imenunuliwa kwa koo la mtu.

Siku ya kumi na tano daktari akamruhusu. Tukakaa naye mezani, mume wangu akasema, "Haya dada, sema chochote, hata ututukane." Akatikisa kichwa. Akaandika: Kesho. Kesho yake akaandika kesho. Siku ya kumi na nane nilielewa kwamba haogopi kuumia. Anaogopa kusikia.

Siku hiyo hiyo fundi viatu akaja, kofia mkononi. Alikuwa amehamishwa kutoka lango la shule, kilipokuwa kibanda chake, sasa yuko nyuma ya stendi, na kwenye flashi Spika bado anawaambia watu waende langoni. "Wanakwenda, dada," akasema. "Wanamkuta muuza maandazi. Kazi yote inapotea, na nikizima spika hakuna anayejua kama nipo. Kuna kijana ana kompyuta inayosoma matangazo yenyewe. Lakini haikuniuliza chochote. Nikasema nije kwako kwanza."

Spika aliandika: Rudi mchana.

Alipoondoka, Spika akaingia kwenye makoti na simu yake. Nikasubiri. Nikapiga pasi shati zima, kola, mikono, mgongo, kimya. Nikaogopa nitaunguza tena, nikazima pasi, nikamfuata humo ndani. Alikuwa amesimama na simu mbele ya mdomo, namba za kurekodi zinakimbia, machozi yanamtiririka. Akanionyesha daftari. Ameandika: Kama si yangu?

Sijui nini kilinipata. Labda ni yale makoti, labda mtu akisimama humo hawezi kufanya vinginevyo.

"Wifi," nikasema, "mimi ndiye niliyekuharibu. Ulisema koo linawasha nikakupa maji nikasema mara ya mwisho. Nikasema mara saba. Nilikuwa nasikia unavyokohoa. Na kaka yako aliponiuliza nikamdanganya, nikasema ulilala mzima. Sijalala tangu hapo. Nipige, niandikie matusi, fanya unavyotaka."

Hakuandika. Aliisogeza suti ya mtu iliyokuwa inamgusa shavu. Kisha akafungua mdomo, ikatoka sauti nzito yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu ya saruji.

"Nane," akasema.

Nikapiga yowe, sikujizuia. Yeye mwenyewe aliruka, akashika koo. Akajaribu tena, polepole, anaisikiliza kama anavyosikiliza za watu.

"Zilikuwa nane. Nilihesabu." Akameza mate. "Na mimi nilikuwa na mdomo wa kukataa. Sikukataa. Hapo ndipo nilipoharibu."

Si sauti yake. Sitakudanganya, nimedanganya vya kutosha. Ile ya zamani ilikuwa inapanda juu inateremka inakuchekesha. Hii inakwenda chini chini, na mwisho wa sentensi inakatika. Mama wa ndoo alipoisikia alisema yeye atabaki na flashi yake ya zamani, asante. Kinyozi bado anafikiria. Mume wangu nilimwambia ukweli jioni ile ile, na kwa siku tatu alizungumza nami kupitia dada yake, ambaye hapaswi kuzungumza sana.

Lakini mchana ule fundi viatu alirudi. Spika akamsalimu kwa ile sauti, fundi akarudi hatua nyuma, akanitazama mimi kama nimeficha mtu humo.

"Ndiyo iliyobaki," Spika akamwambia. "Ukiitaka, ingia. Usipoitaka, kijana wa kompyuta yuko."

Fundi akaikunja kofia yake, akaikunjua. Akainama, akapita chini ya bomba, akaingia.

Nikawasha pasi. Nikamsikia wifi yangu anakohoa mara moja, kisha anasema, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, nadhani kwangu:

"Leo tunarekodi mara moja tu."