Mwalimu Kaa wa Tongoni

Mwalimu Zubeiri alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomuuma maisha yake yote. Alivaa suruali yenye mikunjo ya pasi hata siku ya kwenda shamba, akakatiza Tongoni polepole akiotea shikamoo za watu kama paka anayeotea matumbo ya samaki.

Mwaka 1954 ofisi moja ya vitabu kule Raskazone ilitangaza shindano la hadithi za watoto. Hadithi iwafundishe kujipenda walivyo na kuwaheshimu wasiofanana nao. Mwalimu akaandika habari za kaa mdogo aliyechekwa na samaki kwa sababu anakwenda upande, na mwishoni samaki wote wakamwomba radhi. Haikuwa hadithi mbaya. Mtu mdogo aweza kuandika jambo kubwa asiloliamini, kalamu haimuulizi.

Shida ilikuwa mwandiko. Wake ulikuwa kama nyayo za kuku aliyepita kwenye masizi, na ofisi ilitaka nakala safi. Mwandiko mzuri kuliko wote kijijini ulikuwa wa Mboni, mwenzetu wa darasa la nne, ambaye nyumbani kwao aliwaandikia majirani barua. Ila Mboni alikuwa na shoto. Darasani, tangu darasa la pili, Mwalimu aliufunga mkono wake wa kushoto kwenye dawati kwa kipande cha kanga.

"Huo ni wa chooni," alituambia, ili tucheke. Tulicheka.

Basi alasiri moja akamwita nyumbani kwake.

"Funga dirisha," alimwambia mkewe, Asmahani.

"Na joto hili? Kwani unachinja mtu?"

"Funga, nimesema." Akamgeukia Mboni. "Haya, andika kwa huo wako."

"Upi, Mwalimu?"

"Usinichezee."

Mboni hakuigusa kalamu. "Nikiandika, utaniachia niutumie kwenye mtihani?"

Mtihani wa darasa la nne ndio uliochagua nani aendelee na masomo na nani arudi jikoni. Kwa mkono wa kulia, Mboni alimaliza sentensi moja wakati sisi tumemaliza tano.

"Inshallah," alisema Mwalimu.

Asmahani, aliyemjua mumewe, akainamisha macho. Watu wazima wa pwani tunajua kwamba inshallah ni mbili: iko ya Mungu, na iko ya mtu asiyetaka kusema hapana. Mboni alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliijua ile ya kwanza tu, akaandika alasiri tatu, dirisha limefungwa, jasho likimtiririka.

Hadithi ilishinda, ikapigwa chapa. Mwalimu alitusomea kitabu chake darasani, na alipofika penye "kila kiumbe na mwendo wake" sauti ikamtetemeka, akatoa leso. Mboni alikuwa dawati la mbele, mkono umefungwa. Nimelifikiria sana jambo hili kwa miaka mingi, na naamini Mwalimu hakuona kitu. Angekuwa mnafiki ningemheshimu japo kidogo. Mnafiki angalau anajua anachoficha.

Asubuhi ya mtihani akaja na kile kipande cha kanga.

"Mwalimu, ulisema inshallah."

"Nilisema. Mungu hakupenda." Akakaza fundo. "Msimamizi anatoka Muheza. Unataka akasimulie kwamba hapa tunafundisha ushenzi?"

Nusu ya karatasi ya Mboni ilibaki nyeupe. Majina yaliposomwa, lake halikuwemo. Akitoka shuleni siku hiyo alipita mbele ya baraza la Mwalimu, aliyekuwa akiwaonyesha wageni kitabu. Mboni akasimama, akapiga goti kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu Kaa."

Wageni wakacheka, wakidhani ni mambo ya kitabu. Mwalimu naye alidhani hivyo hivyo.

"Marahaba, mwanangu," alisema, amevimba kwa furaha.

Jina likamganda. Tongoni nzima ilimwita hivyo mpaka anakufa, na kila mtu alijua maana yake: mdomo wake ulikwenda mbele, yeye akaenda upande. Yeye peke yake hakujua. Kila alipoitwa aliitika akinyoosha kola.

Mboni bado anawaandikia watu barua. Huziandikia chumbani, kwa shoto, dirisha wazi.