Kitufe cha Bosi Nathanaeli

Anjela aliujenga ule mfumo kwa miezi minane, na hasira ndiyo iliyomsukuma. Katika kampuni yao pale Kijenge, mtengeneza programu akimaliza kazi alikuwa anamwandikia bosi Nathanaeli, halafu anasubiri siku tatu ndipo iwekwe hewani. Watu wazima na digrii zao, wanakaa kuchezea simu! Anjela akatengeneza ukurasa mmoja wa ndani: unaandika, unajaribu, unabonyeza, kazi inawafikia wateja dakika hiyohiyo.

Raha hiyo ilidumu wiki mbili. Nathanaeli aliona hakuna tena anayemnyenyekea, akaamuru kiongezwe kitufe cha mwisho, cha kwake peke yake, kinachokubali alama ya kidole chake tu: Ruhusa.

"Lazima kuwe na mtu wa kujibu," alisema.

Basi Ijumaa asubuhi mzani wa kahawa kule Nkoaranga, unaotumia programu yao, ukakataa namba za wakulima. Mama yake Anjela alikuwa kwenye foleni na debe nne za kahawa mbivu, ambayo isipomenywa siku hiyo inaharibika. Anjela alilipata kosa, akalirekebisha kwa dakika kumi, akabonyeza. Akaambiwa asubiri ruhusa.

Nathanaeli alikuwa msibani Akeri, simu amezima. Saa sita, kimya. Saa nane mama akapiga.

"Mwanangu, kahawa imeanza kuchacha. Si ulisema mmetengeneza kitu cha haraka?"

Swali hilo lilimchoma. Alipanda bodaboda na kompyuta yake kifuani, akifoka peke yake mpaka dereva akaacha kumsemesha. Msibani aliwapa pole wafiwa kwanza, kisha akamwekea bosi kompyuta mapajani. Nathanaeli hakuvaa hata miwani. Akabonyeza.

"Hujasoma, bosi."

"Kwani huwa nasoma?" alinong'ona. "Nakuamini."

Ujumbe wa mama ukaingia: mzani umekubali, debe mbili zimekataliwa.

Debe mbili, kwa ajili ya mtu asiyesoma! Anjela akavuta kiti cha plastiki, akaketi palepale chini ya turubai, akaandika mistari michache ya kukiondoa kile kitufe kwenye mfumo. Mfumo nao ukadai ruhusa.

"Bosi, bado moja," alisema, akimgeuzia kompyuta, maandishi yakiwa wazi mbele yake.

Nathanaeli, macho kwa mchungaji, akanyoosha kidole akabonyeza.