Tulivyomnyang'anya Rene Jina Lake

Mwaka niliotimiza miaka minane, nyumbani kwetu katika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Omani, palikuwa na jina moja lililopigwa marufuku, na lilikuwa la mtoto mwenzangu, binti wa ami yangu.

Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa Muomani kama sisi, ila wazee wetu walitoka Unguja na yeye alikulia Bujumbura, akasomeshwa Kifaransa. Binti yake wa kwanza alimfia akiwa mchanga. Alipompata wa pili akamwita Rene. Alitusimulia kwamba darasani kwao walikuwapo akina Rene wanne, mwalimu akiita mmoja wanainuka wote. Ni jina la kale, akasema, asili yake Kilatini. Wafaransa walilipenda sana zamani, siku hizi kwao limebaki kwa mabibi. Maana yake ni aliyezaliwa tena. Aliyasema hayo kwa fahari, mbele ya Bibi, mkwewe, huku akimimina kahawa. Laiti angejua, angemeza ulimi.

Bibi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akaweka kikombe chini.

"Kazaliwa tena nani? Huyu kazaliwa mara moja. Alozaliwa kabla yake yuko kaburini, na nyinyi kutwa mnamwita."

Kwetu sisi jina huweza kuwa zito. Mtoto akiuguaugua, watu husema jina limemlemea, likabadilishwa. Na Rene alikuwa akiugua kweli: mifupa ikimuuma, macho yakigeuka manjano. Daktari alishasema ni maradhi ya damu. Bibi alijibu kwamba daktari anaona damu, haoni jina. Basi ukachomwa ubani, mtoto akasomewa adhana upya sikioni kama aliyezaliwa siku ile, akaitwa Salama. Yaani Bibi ndiye aliyemzaa tena, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tukakusanywa watoto wote, tukaambiwa kuwa atakayemwita kwa jina la mwanzo atakuwa kamuua. Mwenyewe alikuwa na miaka sita. Akiitwa Salama haitiki, na haukuwa ubishi, alikuwa anasahau tu. Bibi akaamrisha asipewe chakula mpaka aitike. Namkumbuka kasimama mlangoni mwa jiko, sisi tunakula wali na samaki, na yeye anatazama mdomo wa kila anayetafuna. Mama yake alikatazwa kutoka chumbani. Na mimi, niseme kweli, niliona raha. Alikuwa mzuri kuliko mimi, na alikuwa na baiskeli.

Ni hiyo baiskeli iliyotugombanisha. Siku moja baada ya laasiri nilimwomba niipande, akaninyima. Nikasimama katikati ya ua, nikahakikisha hakuna mkubwa karibu, nikamwita mara tatu. Rene. Rene. Rene. Nilijua ninachofanya, nilitaka afe, kwa namna mtoto anavyotaka mambo. Aligeuka akicheka, akaitika mara zote tatu. Miezi mingi ilikuwa imepita bila ya mtu kumwita hivyo kwa sauti. Kisha akashuka, akanipa baiskeli.

Siku ya tatu kifua kikamshika, akapelekwa hospitali, hakurudi.

Matangani Bibi aliuliza nani kaliita jina lile. Akamgeukia Bi Zuwena.

"Ni wewe. Umewamaliza wote wawili."

Bi Zuwena aliinamisha kichwa, hakukana. Mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, mdomo umejaa tende. Nikaendelea kutafuna. Ami alimwacha mkewe hata arubaini haijafika, Bi Zuwena akatoka nyumbani kwetu na sanduku moja, na sisi watoto tukaambiwa tusimsindikize.

Leo nafanya kazi katika maabara ya damu. Chembe za maradhi yale, zilizopinda kama mundu, naziona kila wiki, na kila nikiziona namuona Rene mlangoni mwa jiko. Mwaka jana nikashindwa kuvumilia, nikamtafuta mama yake. Nilimkuta mtaa wa Ghala, katika chumba juu ya gereji, anashona abaya za watu. Nikamweleza yote, baiskeli, ua, mara tatu, zile tende. Nilitarajia anitukane.

"Hata mimi nilikuwa nikimwita," akasema. "Kila nikimkosha, namwita sikioni, pole pole. Kwa hivyo tulikuwa wawili."

Miaka yote hiyo aliamini kwamba Bibi alisema kweli. Nikajiona nimepata cha kumlipa. Nikamwambia jina haliui mtu. Ni damu, mtoto huyarithi maradhi yale kwa baba na mama, wote wawili wameyabeba bila ya kujua, na huenda hata yule wa kwanza alikwenda nayo. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wazazi wanaokuja kazini kwetu. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Kwa mama," akasema.

"Na kwa baba pia, Bi Zuwena."

"Lakini kwa mama."

Nikasema ndiyo, kwa mama vilevile. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilikwenda kwake ili nipate kupumua, na tangu siku ile nimepumua kweli. Yeye nimemwacha na lawama ya watoto wake wale wale wawili, na safari hii nimempelekea ushahidi.