Uso wa Mwenye Bucha

Miaka yote hii nikipita uwanjani naangalia chini, na si kwa heshima. Pale mji ulisimamisha sanamu ya askari wetu waliokufa vitani, majina yao yako chini ya buti zake. Kusoma sijui sana, lakini jina la mwanangu najua lilipo. Basi mwanangu yuko chini, na juu kule, na kofia ya chuma na bunduki, yuko nani? Mwenye bucha! Uso wake mwenyewe, na mashavu yake yaliyoshiba.

Watu wananiambia, "Bibi, sanamu ni sanamu tu." Hao mtoto wao hayuko pale.

Huyo mwenye bucha na mwanangu walikuwa chanda na pete. Walijiandikisha jeshini pamoja. Siku lori lilipokuja kuwachukua, mwenzetu akaumwa tumbo. Akajifungia kwa shangazi yake, nyuma ya magunia. Mwanangu kashapanda, bado anaangaza njiani, ananiambia, "Mama, anakuja tu yule." Hakuja. Na mwanangu hakurudi. Tangu hapo namwita Tumbo, na mji mzima ukanifuata.

Vita vilipokwisha, fundi wa sanamu akataka kijana wa kukaa mbele yake, awe anamtazama akichonga. Vijana wenyewe wako wapi? Waliorudi, huyu mguu hana, yule mlango ukibamizwa anaingia chini ya meza. Mzima alikuwa mmoja. Wakubwa wa mji wakamkalisha Tumbo kwenye kiti. Na yeye akakaa! Hapo ndipo aliponimaliza.

Sisemi hakuteseka. Bucha yake inatazamana na uwanja, lakini mlango wa mbele aliuziba kwa matofali, tukawa tunanunua nyama uchochoroni tukipishana na mbwa. Mimi alinikatia maini mazuri kila nilipokwenda. Niliyachukua. Asante sikutoa.

"Shikamoo mama," anasema, macho kwenye gogo.

"Kata nyama."

Mvua za mwaka huu zikaupasua uso wa sanamu, pua ikaanguka. Fundi yuleyule, sasa mzee hana meno, akaitwa autengeneze. Akamtaka Tumbo akae tena kwenye kiti. Asubuhi ile Tumbo akaja kwangu, aproni ina damu, akasimama nje ya kizingiti.

"Mama, twende. Fundi amtengeneze mwanao. Mimi siwezi tena."

"Tumbo limekuuma tena?"

"Halijawahi kupoa, mama."

Nikajitupia mtandio, tukaenda. Fundi keshachanganya saruji. "Haya bibi, picha yake iko wapi?"

Ilikuwa moja, nayo ililoa paa lilipong'olewa na upepo.

"Basi nieleze. Pua ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Mungu wangu! Nimemzaa mimi, nimeifuta kamasi pua hiyo mimi, na siioni. Naona shati lake. Naona mgongo wake kwenye lori. Uso hakuna. Miaka yote nimekaa na uso wa Tumbo, nimeulisha chuki ukanenepa, mpaka ukamsukuma mwanangu nje.

Tumbo akasema polepole, "Pana. Imelalia kushoto kidogo. Tulikuwa tunacheza mpira, nikampiga kiwiko."

"Hata hiyo ni wewe!"

"Hata hiyo ni mimi, mama."

Akaendelea: nyusi, sikio, kidevu. Fundi anabandika, anakwangua. Mdomo ulipokaa sawa, ule mdomo wa mtu anayezuia kucheka msibani, nikamshika fundi mkono aache hapo.

"Ndiye," nikasema.

Tumbo akaketi mchangani, mtu mzima na mvi zake, akalia bila aibu. "Nisamehe, mama."

"Mimi unaniombea nini?" nikamwambia. "Muombe huyo hapo, akishakauka."